Baba Aliyethamini Elimu: Historia ya Wasifu wa Marehemu katika Nyanda za Juu za Kusini

1. Utangulizi

Uyole iko mashariki ya Jiji la Mbeya, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inaachana na ile inayopanda kuelekea Tukuyu, kisha kuteremka hadi Kyela na mpaka wa Malawi. Ardhi ya asili ni ya Wasafwa. Hata hivyo, kwa sababu ya njia panda hiyo, ya mashamba na ya kazi, wamekaa hapo pia Wanyakyusa, Wandali, Wakinga, Wabena, Wasangu na wengine wengi. Msiba unapotokea mahali kama hapo, vilio huwa vya lugha nyingi. Lakini kabla jeneza halijateremshwa kaburini, mwanafamilia mmoja husimama, hukunjua karatasi na kusoma wasifu wa marehemu. Karatasi hiyo, karibu daima, imeandikwa kwa Kiswahili.

Aliyewahi kuhudhuria mazishi machache katika Mbeya au Iringa anaujua mpangilio wake. Marehemu alizaliwa mwaka fulani katika kijiji fulani, akiwa mtoto wa ngapi katika watoto wangapi. Alisoma shule fulani hadi darasa fulani. Aliajiriwa, au alijishughulisha na kilimo. Alifunga ndoa, akajaliwa watoto. Aliugua, akafikwa na mauti. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Na kama marehemu ni mwanamume mwenye umri, mahali fulani katikati ya karatasi hujitokeza sentensi inayokaribia kuwa ya lazima: kwamba alikuwa baba aliyeijali familia yake na kuithamini elimu, akawasomesha watoto wake.

Kwa kuwa sentensi hiyo inasikika mara nyingi, ni rahisi kuipuuza kama maneno ya desturi. Mhadhara huu unashikilia kinyume chake. Sentensi hiyo ina historia, na historia hiyo haizidi sana miaka mia moja. Ndani yake mmehifadhiwa mabadiliko makubwa matatu: maana ya ubaba, gharama ya shule, na nafasi ya Kiswahili kama lugha ya kumbukumbu. Aidha, sentensi hiyo inamtendea haki mtu mmoja na kuwasahau wengine, na jambo hilo nalo linastahili kuchunguzwa.

2. Kumkumbuka mfu kabla ya karatasi

Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930. Makala ya Godfrey Wilson kuhusu taratibu za mazishi, iliyotoka mwaka 1939, inaonyesha msiba uliojaa vilio vya wanawake na ngoma ya wanaume wenye mikuki. Marehemu alikumbukwa kwa mwili: kwa kulia, kucheza, kuchinja na kula. Hapakuwa na mtu wa kusimama na kutaja mwaka wa kuzaliwa wala kiwango cha elimu. Mwaka wa kuzaliwa ulihesabiwa kwa matukio, na elimu haikuwa kitu chenye madaraja ya kutajwa.

Ubaba wenyewe ulikuwa na sura nyingine. Katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951, Monica Wilson alieleza vijiji vya marika vya Wanyakyusa. Wavulana, wakikaribia umri wa miaka kumi au zaidi kidogo, walitoka katika makazi ya baba zao na kujenga pamoja na wenzao wa rika moja. Waliendelea kula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao, lakini hawakulala huko. Adabu ilidai umbali kati ya baba mkwe na mke wa mwana, na vijiji vya marika vililinda umbali huo. Baba mwema alijulikana kwa ng'ombe aliotoa ili mwanawe aoe, na kwa ardhi ambayo kizazi chake kiliachia kizazi kilichofuata. Kumjali mtoto kulikuwa kumwezesha kuoa na kuwa mtu kamili kati ya wenzake.

Si kweli, basi, kwamba malezi yalianza na shule. Ushahidi wa wazi unatoka kwa wanawake. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian aliyeishi miongoni mwa Wasafwa na kuandika juu yao kitabu *Die Safwa* katika miaka ya 1920, aliandika pia masimulizi ya maisha ya watu wa eneo hilo. Miongoni mwayo ni maisha ya Bibi Narwimba, ambayo baadaye yalichambuliwa na mwanahistoria Marcia Wright. Hayo ni maisha ya mwanamke aliyepambana kuwahifadhi watoto na wajukuu wake katika zama za vita na biashara ya utumwa. Hakuwa na ada ya kulipa wala cheti cha kuonyesha. Hata hivyo, yeyote anayetafuta mfano wa mtu aliyeijali familia katika nyanda hizo hana budi kuanza na watu kama yeye. Jambo hili litarejewa mbele.

3. Shule na bei yake

Wamoravian na wamisionari wa Berlin waliingia katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Shule zao za mwanzo zilifundisha kusoma ili watu wasome maneno ya dini, na zilitumia kwa wingi lugha za wenyeji. Serikali ya Kijerumani, kwa upande wake, ilihitaji makarani, wakusanya kodi na askari wanaoweza kuandikiana kutoka pwani hadi Ziwa Nyasa, na kwa kazi hiyo ilichagua Kiswahili. Waingereza walipochukua utawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza uchaguzi huo. Gazeti la *Mambo Leo* lilianza mwaka 1923, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia usanifishaji. Kwa hiyo mtoto wa Tukuyu au wa Njombe alikutana na lugha mbili za maandishi: moja ya nyumbani na kanisani, nyingine ya barua, kodi, mkataba wa kazi na cheti. Wasifu wa marehemu ulikuja kuandikwa kwa hiyo ya pili.

Je, baba wa wakati huo alitaka nini kutoka shuleni? Kisa cha Malangali, shule ya serikali iliyofunguliwa katika Iringa mwaka 1928, kinatoa mwanga. Mkuu wake, W. Bryant Mumford, aliogopa kwamba shule ingewatenga wavulana na jamii zao. Akawapa wazee nafasi ya kufundisha mila, na ngoma, mikuki na ufugaji vikawa sehemu ya maisha ya shule. Nia ilikuwa njema, na jaribio hilo liliandikwa sana na wataalamu wa elimu wa wakati wake. Lakini halikudumu. Mikuki na ng'ombe walikuwako nyumbani, na mzazi hakuhitaji kumpeleka mtoto mbali ili akavione. Alichokosa nyumbani ni kalamu, hesabu na lugha ya ofisi. Malangali ikaja kujulikana kama shule ya masomo ya kawaida, mojawapo ya shule kongwe za sekondari nchini.

Maarifa hayo yalikuwa na bei, na bei ilitafutwa mbali. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, yalivuta maelfu ya wafanyakazi katika miaka ya 1930. Wengine walivuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. P. H. Gulliver aliandika juu ya uhamaji huo wa Wanyakyusa katika miaka ya 1950. Waliobaki walipanda kahawa Rungwe na Mbozi, pareto na mahindi katika miinuko ya baridi, viazi na maharage kuzunguka Mbeya. Fedha hizo zililipa kodi kwanza, kisha mahari, kisha nguo. Shule iliingia katika foleni hiyo ikiwa ya mwisho, na baba aliyeitoa mwisho na kuiweka mbele alikuwa amefanya uamuzi mzito. Ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya ada hakuwepo tena kwa ajili ya mahari. Katika kitabu chake *For Men and Elders* cha mwaka 1977, Monica Wilson alirudi kuchunguza namna mahusiano ya vizazi yalivyobadilika kwa takriban karne nzima. Ada ya shule ni mojawapo ya mahali ambapo mabadiliko hayo yanaonekana kwa jicho.

4. Karani na ndugu yake

Katika fasihi ya Kiswahili, sura ya mlezi wa aina hii imeandikwa kwa ukamilifu zaidi mbali na Nyanda za Juu za Kusini, katika maisha ya Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, Machui, karibu na Tanga, mwaka 1909, akasoma Dar es Salaam katika miaka ya 1920, na kuanzia mwaka 1926 hadi mwishoni mwa utumishi wake alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Alifariki mwezi Juni 1962.

Mambo mawili katika maisha yake yanahusika hapa. La kwanza ni kwamba aliwatungia watoto wake tenzi za mafunzo: *Utenzi wa Hati* kwa binti yake na *Utenzi wa Adili* kwa mwanawe. Jina la utenzi wa kwanza lenyewe ni la karani. Hati ni karatasi yenye nguvu ya kisheria, na baba anamkabidhi binti maneno kama anayemkabidhi urithi. La pili ni barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958, ambazo M. M. Mulokozi alizihariri na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikazichapisha mwaka 2002. Yusuf alikuwa mwalimu na mwandishi, mtunzi wa *Nguzo ya Maji*. Katika barua hizo ulezi, udugu, fedha na masomo haviachani. Msomaji anaona jinsi mtu mwenye mshahara mdogo wa ukarani anavyobeba familia pana, huku akiuona uandishi na elimu kuwa sehemu ya wajibu huo.

Tofauti kati ya barua hizo na wasifu unaosomwa makaburini ni kubwa. Barua inaonyesha wasiwasi, upungufu na subira ya siku kwa siku, ilhali wasifu hutoa jumla tu. Hata hivyo, vyote viwili vinatoka katika ulimwengu mmoja, ulimwengu wa mtu aliyeajiriwa na kuandikwa katika jalada. Kuzaliwa, kusoma, kuajiriwa, kuoa: huo ndio mpangilio wa fomu ya kazi. Mtu anayechambua wasifu wa marehemu sambamba na maelezo binafsi ya mwombaji wa kazi ataona kwamba msiba umeazima umbo kutoka ofisini. Hata mkulima ambaye hakuwahi kuajiriwa husomewa mwisho wa maisha yake kwa utaratibu wa ajira.

5. Wasifu, thamani, kusomesha

Maneno yenyewe yanastahili kuangaliwa kwa karibu. *Wasifu* na *sifa* yanatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kueleza jinsi kitu kilivyo. Katika Kiswahili, tawi moja limeelekea kwenye maelezo na jingine kwenye kusifu. Ndiyo maana msikilizaji msibani hashangai kusikia maelezo na sifa vikichanganyika, kwani lugha ilikwisha kuvichanganya. *Kuthamini* ni neno la bei, kwa kuwa thamani ni kile ambacho kitu kinastahili kulipiwa. Baba aliyethamini elimu, kwa maana ya asili ya neno, ni yule aliyejua bei yake. Katika miinuko ya Mbeya na Iringa maana hiyo haijafifia, kwa sababu bei ilihesabika kwa magunia.

Neno zito kuliko yote ni *kusomesha*. Kitenzi *soma* kikipewa kiambishi cha kusababisha huzaa maana mbili. Mwalimu husomesha kwa kufundisha. Mzazi naye husomesha kwa kulipa, kununua daftari, kumwamsha mtoto alfajiri na kumwachia kazi ya shamba ili awahi darasani. Kwa hiyo mtu asiyejua kusoma anaweza kusomesha. Sarufi inampa nafasi ambayo shule haikumpa. Anaposomewa makaburini kwamba alisomesha watoto sita au wanane, baba ambaye kipengele chake cha elimu kilipitwa haraka, au hakikutajwa kabisa, anahesabiwa miongoni mwa wenye elimu kwa njia ya usababishi. Sarufi humpa mtu wa namna hiyo heshima kubwa kiasi hicho kwa kiambishi kimoja tu.

6. Uhuru, kufungwa na kufunguliwa kwa milango

Baada ya Uhuru, bei ilipungua kwa muda. *Elimu ya Kujitegemea* ilitolewa mwaka 1967, ada za shule za msingi zikafutwa mwaka 1973, Azimio la Musoma likafuata mwaka 1974, na mpango wa elimu ya msingi kwa wote ukatekelezwa kwa nguvu mwaka 1977. Wazazi wenyewe wakaingia darasani. Madarasa ya elimu ya watu wazima yalikutana jioni chini ya miti na katika shule za msingi. Kutokujua kusoma kwa watu wazima, kulikokadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 60 wakati wa Uhuru na miaka iliyofuata, kulikadiriwa kushuka hadi takriban asilimia 10 katikati ya miaka ya 1980. Huko Uyole, kituo cha utafiti na mafunzo ya kilimo kilichojengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki katika miaka ya 1970 kilileta aina nyingine ya elimu: mbegu bora, maonyesho ya mashamba na mafunzo ya wakulima. Aina za maharage zenye jina la Uyole zilifika mbali. Kwa baba wa eneo hilo, mavuno na daftari havikuwa mambo mawili tofauti.

Kisha uchumi ukayumba. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ada na michango ilirudi. Shule za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, na wazazi na makanisa ya Njombe, Iringa, Mbeya na Rungwe wakajenga shule zao wenyewe, tofali kwa tofali. Hicho ndicho kipindi ambacho sentensi ya wasifu ilipata uzito wake wa sasa. Kumpeleka mtoto sekondari kulikuwa uamuzi wa kila muhula.

Kipindi hicho hicho kilileta janga la UKIMWI, ambalo liliipiga mikoa hii kwa ukali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulikuta maambukizi ya asilimia 15.7 katika Mkoa wa Iringa, uliokuwa bado unajumuisha Njombe, na asilimia 9.2 katika Mkoa wa Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 6. Wasifu wa miaka hiyo ulijifunza kusema kidogo. Marehemu aliugua kwa muda mrefu, basi. Lakini orodha ya watoto ilirefuka. Baba mkubwa, baba mdogo, mjomba na babu walichukua watoto wa ndugu zao na kuwasomesha. Mahali ambapo karatasi inasema marehemu aliacha watoto kumi na mmoja bila kutenganisha wa kuzaa na wa kulea, hapo ndipo neno *baba* limetumika kwa maana yake pana kabisa ya Kibantu. Msomaji anayehesabu tu uzazi atakosea hesabu.

7. Wasiotajwa

Upungufu wa sentensi hii unaonekana mara wasifu wa mama unapowekwa kando ya wasifu wa baba. Mama husifiwa kwa uchaji, ukarimu na upendo kwa majirani. Ni mara chache zaidi atatajwa kama aliyesomesha. Na bado, katika nyumba nyingi, viazi vilivyouzwa kando ya barabara ya Uyole, pombe iliyopikwa, na maharage yaliyobebwa sokoni kichwani, ndivyo vilivyokamilisha ada. Baba alikuwa na jina katika stakabadhi ya shule, na jina hilo ndilo lililoingia katika kumbukumbu.

Vivyo hivyo kwa binti. Fedha zilipokuwa za mtoto mmoja, mara nyingi mtoto huyo alikuwa mvulana. Elimu ya msingi kwa wote ilipunguza sana pengo hilo katika shule za msingi, lakini ngazi za juu lilidumu kwa muda mrefu. Kwa hiyo maneno *alisomesha watoto wake* yanaweza kuwa ya kweli na bado yakamwacha nje dada mkubwa aliyebaki kulima ili wadogo zake wasome. Yeye pia yupo pale kaburini akisikiliza. Huenda ndiye aliyeihifadhi karatasi.

Kusema hivi si kuwavunjia heshima marehemu. Baba wengi waliosomewa sentensi hiyo waliistahili kila neno. Lakini heshima haipungui kwa kugawanywa. Wasifu unaotaja kwamba baba na mama walisomesha kwa pamoja, na kwamba mtoto fulani aliiachia shule kwa ajili ya wenzake, ni mrefu kwa mistari miwili tu, na ni wa kweli zaidi.

8. Hitimisho

Ada ya shule za msingi ilifutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia mwaka 2016 elimu ya serikali hadi kidato cha nne haina ada. Gharama nyingine zimebaki, lakini bei ya zamani imeondoka mlangoni. Inawezekana kwamba baada ya miaka hamsini sentensi iliyochunguzwa hapa itasikika kama masimulizi ya mikuki na vijiji vya marika yanavyosikika leo. Lugha ya misiba itatafuta kipimo kingine cha baba mwema.

Kwa sababu hiyo, karatasi hizi zinastahili kukusanywa. Kiswahili kina barua za Shaaban Robert kwa kuwa nduguye alizitunza na taasisi ikazichapisha. Wasifu wa wakulima, madereva, walimu na makarani wa Mbeya na Iringa umekunjwa katika masanduku, ndani ya Biblia na vitabu vya nyimbo, na mwingi umekwisha kupotea. Mwanafunzi wa historia atakuta humo tarehe, shule, kazi na uhamaji wa watu wasioandikwa mahali pengine popote. Mwanafunzi wa lugha naye atakuta humo Kiswahili kilichoandikwa usiku mmoja wa msiba, na mtoto aliyesomeshwa, kwa ajili ya mtu aliyemsomesha.